Kigoga cha Chupani na Ukoka wa Kiroba: Tathmini ya Bidhaa Mbili za Kitalu Kimoja cha Mikocheni

Kwenye vitalu vya maua vilivyojipanga kando ya Barabara ya Mwai Kibaki, hasa kipande kinachotoka Mikocheni kwenda Kawe, mkazi wa Dar es Salaam hupata karibu kila anachohitaji kwa uwanja wa nyumba yake: miche ya matunda, maua ya vyungu, samadi, mchanga, na mafundi wa bustani wanaosubiri kazi chini ya miti. Kimoja kati ya vitalu hivyo kimeanza kuuza bidhaa ambayo ni adimu katika jiji hili, nayo ni kigoga hai, yaani kile kimea laini cha kijani kinachoota juu ya magome na mawe ya mahali penye ukungu, kikiwa kimepandwa ndani ya chupa nene ya kioo yenye mfuniko. Chupa hizo zimepangwa mezani mbele, chini ya neti nyeusi ya kivuli, ilhali ukoka umerundikwa nyuma ya kitalu kwenye viroba vilivyonyunyiziwa maji. Chupa ya ukubwa wa kati nilinunua kwa Sh 80,000 na kila kiroba cha ukoka kwa Sh 7,000, na vyote viwili nimevitunza nyumbani Kijitonyama tangu mvua za vuli hadi masika yalipokwisha. Wateja niliowakuta pale walikuwa wakiulizana kwa nini kimea kisichozidi urefu wa ukucha kiuzwe kwa bei inayopita viroba kumi vya majani, na swali hilo linastahili kujibiwa kwa kirefu, kwa sababu majibu ya muuzaji, ingawa aliyatoa kwa adabu, hayakutosha.

Nianze na chupa, ambayo kwa kweli imetengenezwa vizuri. Chini kabisa kuna kokoto ndogo zilizooshwa, juu yake tabaka jembamba la mkaa uliopondwa, kisha udongo mweusi wenye mboji, na juu ya udongo huo vimekaa vichuguu vitatu vya kigoga vilivyogusana bila kubanwa. Lebo imeandikwa Leucobryum, na sura ya mmea inakubaliana na jina hilo: kikiwa na maji huwa cha kijani chenye weupe kwa mbali, na kikikauka hupauka hadi kukaribia rangi ya jivu. Nilipokitazama kwa lenzi ya mkononi niliona majani membamba yenye ncha, manene kuliko yalivyo majani ya vigoga vingi, yakiwa yamesongamana kiasi kwamba shina halionekani kabisa. Weupe ule una maelezo yake. Kila jani la jamii hii lina safu ya seli hai za kijani iliyofunikwa juu na chini na seli zilizokufa, ambazo hujaa maji mvua inaponyesha na kubaki na hewa tupu jua linapowaka. Mmea huu hauna mizizi ya kweli. Una vijiuzi vya kuushikilia tu mahali ulipo, na maji huuingia kupitia majani yenyewe. Hautoi maua wala mbegu, bali huzaana kwa spora na kwa vipande vinavyomeguka na kuota upya. Hukua polepole mno, na kichuguu cha upana wa kiganja ni kazi ya miaka, jambo ambalo muuzaji angelisema tangu mwanzo lingeeleza sehemu kubwa ya bei yake.

Kinachokisumbua zaidi kigoga katika jiji hili ni usiku. Mchana mmea wa kijani hutumia mwanga kujitengenezea chakula, na usiku huendelea kupumua na kutumia sehemu ya chakula hicho. Kigoga hujitengenezea kidogo, na kadiri usiku unavyokuwa wa joto na unyevu ndivyo matumizi yake yanavyopanda, hadi kinakuwa kinatumia kuliko kinachopata na kuanza kudhoofika huku mwenye nyumba akidhani kinahitaji maji zaidi. Hiyo ni mojawapo ya sababu ambazo wataalamu wanazitoa kueleza kwa nini misitu ya tambarare zenye joto ina vigoga vichache, wakati misitu ya milimani imevikwa navyo tangu shina hadi matawi. Mwezi wa Januari na wa Februari usiku wa Dar es Salaam hubaki karibu na nyuzijoto 25, na yeyote aliyewahi kulala hapa bila feni anajua maana yake. Kuna na jambo la pili ambalo wauzaji hawalisemi, nalo ni kwamba kigoga kikavu huvumilia joto kali kuliko kilicholowa. Kwa hiyo chupa iliyofungwa, yenye unyevu ndani, ikiwekwa kwenye dirisha linalopigwa na jua la saa nane, huwa imekusanya mabaya yote mawili kwa pamoja.

Hapa ndipo ninapokilaumu kitalu. Kijana aliyenihudumia aliniambia, bila kusita, niiweke chupa dirishani ili ipate mwanga, na alimpa ushauri huohuo mama mmoja aliyekuwa akinunua kabla yangu. Yangu niliiweka kwenye rafu ya chumba cha kazi, mbali na dirisha, mahali ambapo kiyoyozi huwashwa jioni, na imebaki hai na yenye rangi yake. Ya jirani yangu, iliyonunuliwa palepale na kuwekwa dirishani kama alivyoelekezwa, ilikuwa imegeuka kahawia kabla ya Februari kwisha. Bidhaa ya bei hiyo inapaswa kuambatana na karatasi ya maelekezo, hata kama ni mistari mitano tu ya Kiswahili kinachoeleweka.

Kukuza mimea ndani ya kioo kilichofungwa kuna historia inayosaidia kueleza chupa hii inafaa wapi. Daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alikuwa akihangaika kuotesha madole (mimea ya jamii ya kangaga) na vigoga uani kwake, lakini moshi wa makaa ya mawe wa jiji hilo ulikuwa ukiviua. Mnamo mwaka 1829 hivi alifukia buu la nondo lililokwisha kujifunga gandani katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa iliyozibwa, na baada ya muda akaona humo humo vimeota vitu viwili asivyovipanda: dole moja na unyasi wa kawaida. Kutokana na ugunduzi huo yalitengenezwa masanduku ya kioo yaliyosafirisha miche hai kwa meli kati ya mabara. Chupa ya Ward iliukinga mmea dhidi ya hewa chafu na ukavu wa mahali penye baridi. Hapa kwetu hewa ina unyevu wa kutosha na tatizo letu ni joto, ambalo kioo hulifungia ndani, na ndiyo maana ninawashauri wanunuzi waache mfuniko wazi kidogo kila jioni badala ya kuuziba daima kama picha za mitandaoni zinavyoonyesha.

Suala la maji nalo si dogo. Visima vingi vya maeneo yaliyo karibu na bahari hutoa maji yenye chumvi, na kwa kuwa kigoga hunywa kwa majani na hakina mizizi ya kuchuja wala udongo mwingi wa kuzimulia chumvi hiyo, madini hubaki juu yake na kuacha utando mweupe unaokiunguza taratibu. Kitalu kilinishauri nitumie maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi. Wazo hilo lina mantiki, kwa sababu maji hayo hayana chumvi, lakini mara nyingi huwa yamegusa mabomba ya shaba yaliyo ndani ya kiyoyozi, na shaba ni madini ambayo vigoga vingi haviyavumilii vizuri. Mimi nimetumia maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye ndoo safi, yakapulizwa kwa chupa ya kunyunyizia, na sijaona dosari yoyote.

Ukoka ni habari nyingine kabisa, na ningependa kuuzungumzia kwa heshima unayostahili, kwa sababu watu wengi huununua huku macho yao yakiwa kwenye maua. Ni nyasi inayoota yenyewe kando ya kila barabara ya jiji hili, kwenye viwanja vya mpira vya mitaani, kwenye mitaro, na kwenye viwanja vilivyozungushiwa ukuta vikasahaulika. Wakata majani huuvuna kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi wa ndani, nao huchipua tena kabla wiki haijaisha mvua ikiwa ipo. Jina lake la kitaalamu ni Cynodon dactylon. Ukivuta utambazi mmoja kutoka kwenye kiroba na kuutandaza juu ya meza, utaona jinsi ulivyoundwa: kila baada ya sentimita chache kuna fundo, na kwenye kila fundo kuna jani linaloelekea juu na vijizizi vyeupe vinavyoelekea chini, tayari kushika ardhi popote fundo hilo litakapogusa. Chini ya udongo kuna matambazi mengine yenye ncha ngumu za kupenya, na mizizi yake inaweza kushuka zaidi ya mita moja ardhi ikiruhusu. Suke lake, likiachwa bila kukatwa, hufunguka vidole vitatu hadi sita vinavyotoka mahali pamoja. Usanisinuru wake ni wa aina iliyozoea jua kali na joto, ileile ya mahindi na miwa, kwa hiyo joto la Januari linaloichosha chupa ya mezani ndilo linalouongezea ukoka kasi.

Viroba nilivyonunua vilikuwa na vipande vilivyochimbwa pamoja na udongo wake, vyenye unyevu na mizizi myeupe, bila harufu ya kuoza. Fundi aliyekuja kupanda, mzee wa makamo aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, alipoamkiwa shikamoo na kuulizwa kama niweke mbolea ya dukani kwanza, aliniambia, "Marahaba mwanangu. Ukoka haubembelezwi, wewe usafishe ardhi, upe jua, na mwezi wa kwanza usiukanyage." Alilima uwanja, akaondoa mawe na mabaki ya saruji, akachanganya samadi iliyokwisha kuoza, kisha akapandikiza vipande kwa kupishana, akiacha nafasi ya kiganja kati ya kimoja na kingine ili matambazi yajaze yenyewe. Njia hiyo ni nafuu kuliko kutandaza vipande vilivyogusana, na katika msimu wa mvua tofauti ya muda wa kujaza uwanja haikuwa kubwa. Gharama ya ufundi ilielezwa mapema na haikubadilika kazi ilipokwisha, jambo ambalo ni la kupongeza.

Dosari ilikuwa ndago. Ndani ya baadhi ya vipande kulikuwa na viazi vidogo vyeusi vya ndago, na anayeijua ndago anajua kwamba kuing'oa majani tu ni sawa na kutofanya kitu, kwa kuwa huchipua tena kutoka kwenye viazi hivyo vilivyounganishwa kwa nyuzi chini ya ardhi. Ilijitokeza katikati ya uwanja wangu mara tu mvua zilipokolea, na ilibidi ichimbuliwe kwa kijembe, kiazi kwa kiazi. Nilipolalamika, kitalu kilimtuma kijana aliyeshinda uwanjani akichimbua bila malipo ya ziada. Huduma hiyo ilikuwa ya kiungwana, lakini dawa ya kweli ni kuchambua ukoka kwenye tuta la kitalu kabla haujatiwa kwenye kiroba. Mnunuzi apasue kipande kimoja au viwili mbele ya muuzaji na atazame udongo wake kwa makini, na akiona kiazi cheusi chenye ukubwa wa punje ya mahindi, achague kiroba kingine.

Udhaifu wa ukoka ni kivuli. Chini ya mwembe wangu ulikonda, ukarefuka kwa kutafuta mwanga, kisha ukaacha vipara. Kitalu hichohicho kinauza nyasi za Pemba, zenye majani mapana na zinazostahimili kivuli na chumvi kuliko nyasi nyingi za bustani, na huko chini ya mti ndizo zilizokubali. Ukoka nao huvumilia chumvi vizuri, hivyo maji ya kisima ambayo yangeharibu chupa yangu ndiyo niliyoumwagilia uwanja wakati wa kiangazi kifupi bila tatizo. Mwenye bustani ya mboga ajihadhari, hata hivyo, kwa sababu matambazi hayo ya chini ya ardhi hayaheshimu mpaka wa tuta la mchicha, na mkulima aliyeuacha ukoka uingie shambani kwake atakuwa na kazi ya kuutoa kwa miaka.

Kuna swali ambalo nilimuuliza mwenye kitalu na ambalo ninaona kila mnunuzi wa kigoga analo wajibu wa kuliuliza: kimetoka wapi? Alinijibu kwamba huletewa na mtu wa Morogoro, na hakuwa na maelezo zaidi. Jibu hilo limenikosesha raha kuliko bei. Mtu akitaja Morogoro na vigoga vya namna hii, fikira ya kwanza huenda kwenye Milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake hupita mita 2,600 na ambayo miteremko yake ya mashariki hupata mvua inayozidi milimita 2,500 kwa mwaka, wakati sisi hapa pwani hupata kama 1,100. Tamás Pócs, mtaalamu wa vigoga kutoka Hungaria aliyewahi kufundisha Morogoro, alichapisha mwaka 1980 vipimo vya mimea inayoota juu ya miti katika misitu ya Uluguru, ambayo katika msitu wa ukungu sehemu kubwa ni vigoga na jamaa zake: katika msitu huo wa juu uzito wake mkavu ulifikia kama tani 14 kwa hekta, na katika msitu wa chini zaidi ulikuwa kama tani 2 tu. Mimea hiyo huyanasa maji ya mvua na ya ukungu, huyashikilia, kisha huyaachia kidogo kidogo, na vijito vya milima hiyo ndivyo vinavyoulisha Mto Ruvu, ambao mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini husukuma maji yake hadi kwenye mabomba ya Dar es Salaam. Kila kichuguu kinachobanduliwa kwenye gome kule ili kipambe meza ya hapa kinapunguza, kwa kiasi chake, uwezo huo wa msitu wa kushikilia maji, na hakirudi upesi, kwa sababu hukua polepole kama nilivyoeleza. Sehemu kubwa ya msitu uliobaki ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, na si mahali pa kuchuma mmea bila kibali.

Simtuhumu mwenye kitalu kwa kuvunja sheria. Huenda mletaji wake anakuza vigoga vyake mwenyewe kwenye trei, kazi inayowezekana kabisa na ambayo ningeilipia kwa furaha bei kubwa kuliko hiyo. Ninachosema ni kwamba mwenye kitalu hakuweza kunionyesha, na kwa bidhaa hii ushahidi huo ni sehemu ya ubora. Kigoga kilichokuzwa kwenye trei hutambulika: chini yake ni bapa, kimeshika udongo au mkaa wa aina moja, na vichuguu vyake vinalingana umri. Kilichobanduliwa msituni huja na vipande vya gome, majani makavu, na mara nyingine vimelea na wadudu wa huko. Chini ya kimoja cha vichuguu vyangu vitatu nilikuta ganda la gome lenye unene wa kadi, na viwili vilivyobaki vilikuwa safi.

Niongeze neno kuhusu zile kuta za kijani zinazoonekana siku hizi kwenye mapokezi ya ofisi na hoteli za katikati ya jiji, kwa sababu kitalu hiki nacho kinachukua oda zake. Zile si mimea hai. Ni vigoga, na mara nyingi ni kuvumwani (viumbe vinavyotokana na muungano wa kuvu na mwani) wa nchi za baridi, vilivyokaushwa na kulowekwa katika glisarini na rangi ili vibaki laini. Havihitaji maji wala mwanga, na ukivinyunyizia unaviharibu. Anayetaka pambo lisilo na matunzo atosheke navyo, ila asiuziwe kwa maneno kwamba vinasafisha hewa ya chumba, kwani kilichokufa hakipumui.

Kwa upande wa huduma kwa jumla, kitalu kiko safi, bei zimebandikwa, malipo ya simu yanapokelewa bila nyongeza, na usafirishaji wa viroba hadi Kijitonyama ulifanywa kwa bajaji ya mizigo siku ileile niliyolipa. Ukoka wao ninaupa alama nne kati ya tano, na moja nimeikata kwa sababu ya ndago. Chupa ya kigoga ninaipa alama mbili na nusu: kazi ya mikono ni nzuri, mmea ni mzuri, lakini maelekezo ni mabovu na asili yake haijulikani. Anayeishi kwenye chumba chenye kiyoyozi, mwenye maji ya mvua na subira, anaweza kuinunua akishaonyeshwa trei ilikokuzwa. Asiye na hayo, na bado anapenda kuona kigoga hai, atembee masika kwenye minazi na michikichi ya mtaani kwake na kutazama mashina upande usiopigwa na jua. Kipo kigoga cha pwani, kifupi na cheupecheupe, ambacho kimeuzoea usiku wetu na hakihitaji chupa. Anayetaka ukoka aagize mwishoni mwa Februari, kabla foleni ya masika haijaanza, na aombe uliochimbwa kwenye tuta la juani nyuma ya kitalu, kwa kuwa ule wa karibu na ukuta umekulia kivulini na huchelewa kushika.